Jeraha la Akili: Askari Aomba au Adai?

Katika darsa yetu liliulizwa suali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili kisha likaachwa. Suali lenyewe ni hili: Askari aliyekwenda vitani na viungo vyake vyote, akarudi na viungo vyake vyote, lakini akili yake haikurudi kama ilivyokwenda, akiingia katika afisi ya serikali kutaka malipo ya ulemavu, je, aomba au adai? Maana kuomba na kudai si jambo moja. Mwenye kuomba hupewa kwa hisani, na akinyimwa hana la kusema. Mwenye kudai ana haki yake, na amzuiliaye ni dhalimu hata akimzuilia kwa maneno ya upole.

Sisi twasema kuwa adai. Tutaeleza sababu zetu, tutazijibu hoja za wanaosema kinyume, kisha tutasema yanayotupasa sisi watu wa mwambao.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Mtu aliyeshuhudia mauaji, au aliyekaa miezi akingojea kuuawa, huenda mwili wake ukabaki katika hali ile ile ya khatari hata baada ya khatari kuondoka. Usiku halali, na akilala huyaota yale yale aliyoyaona. Mlango ukibamizwa hushituka akatafuta pa kujificha. Hujitenga na watu, hata na wanawe. Hasira humpanda kwa jambo dogo, kisha hukaa akijuta. Wako waingiao katika ulevi ili wapate kusahau, na wako wanaotamani kufa. Tena maradhi haya huweza kuchelewa, yakadhihirika miezi mingi au miaka baada ya vita kwisha, na hapo ndipo ianzapo taabu ya kuthibitisha kuwa chanzo chake ni vita.

Watu wa serikali wamekuwa wazito sana kuukubali ukweli huu. Katika mwaka 1915 daktari wa Kiingereza, Charles Myers, aliandika habari za maradhi haya katika gazeti la matibabu liitwalo The Lancet, yakajulikana kwa jina la mshituko wa makombora. Ilidhaniwa kuwa ni mshindo wa makombora uliotikisa ubongo, lakini wakaonekana wagonjwa ambao hawakukaribiwa na kombora lolote. Katika vita hivyo hivyo Waingereza waliwapiga risasi askari wao 306 kwa makosa kama kutoroka na kuogopa, na miongoni mwao wamo wanaoaminiwa kuwa walikuwa wagonjwa. Bunge la Uingereza liliwapa msamaha katika mwaka 2006. Msamaha ulikuja baada ya miaka tisini, na hapakuwa na hata mmoja wao wa kuupokea.

Vita vya pili vilipokaribia, katika mwaka 1939, madaktari wakubwa wa Uingereza walishauri kuwa askari atakayepatwa na maradhi ya akili asilipwe pensheni muda wa vita, kwa kuogopa kuwa malipo yatazidisha wagonjwa. Katika mwaka 1943, baada ya malalamiko mengi, serikali hiyo iligeuza kanuni ya ushahidi: si askari tena atakayelazimika kuthibitisha kuwa ugonjwa wake umetokana na kazi, na penye shaka ya haki, shaka hiyo itamfaa yeye. Tazama, ndugu msomaji, jinsi mzigo ule ule ulivyohamishwa kutoka kichwa cha mgonjwa ukawekwa juu ya meza ya mwenye mamlaka. Ugonjwa haukubadilika. Kilichobadilika ni nani anayesadikiwa.

Marekani nayo ina mengi ya kutufunza. Baada ya vita vya Vietnam, vilivyokwisha mwaka 1975, askari wengi walirudi na maradhi haya, lakini madaktari wa huko hawakuyaingiza katika daftari lao rasmi kwa jina yaliyonalo leo mpaka mwaka 1980. Askari wa Marekani adaiye malipo hana budi kuonyesha mambo matatu: kuwa ni mgonjwa sasa, kuwa alipatwa na jambo fulani katika utumishi wake, na kuwa ugonjwa umetokana na jambo lile. Akikubaliwa, ulemavu wake hupimwa kwa sehemu za mia: 0, 10, 30, 50, 70 au 100, kwa kadiri maradhi yalivyomzuia kufanya kazi na kukaa na watu. Sheria yao pia yasema kuwa ushahidi wa pande mbili ukilingana, hukumu iwe ya askari.

Kwa dhahiri kanuni hizi ni za uadilifu. Lakini mambo matatu hayo huandikwa upesi kuliko yanavyopatikana. Mtu aliyekuwa akijitahidi kusahau huambiwa ataje siku, mahali, na majina ya waliokufa mbele yake. Kwa miaka mingi, askari ambaye kazi yake haikuhesabiwa kuwa ya mapigano alitakiwa kuleta dalili nyingine juu ya maneno yake. Katika mwaka 2010 sharti hilo lililegezwa kwa wale waliokuwa wakiishi katika hofu ya kushambuliwa na adui. Na liko jambo zito zaidi. Maradhi humfanya askari kuwa mkaidi, au mlevi, au mtoro. Kwa sababu hiyo hufukuzwa jeshini kwa cheti kibaya. Na cheti kibaya humfungia mlango wa malipo na huenda pia wa matibabu. Hivyo alama za ugonjwa zikageuzwa kuwa hoja ya kumnyima mgonjwa. Katika mwaka 2014 wakuu wa jeshi la Marekani waliamrisha vyeti vya namna hii vya watu wa Vietnam vitazamwe upya kwa huruma, na kwa wengi amri hiyo iliwakuta ni wazee.

Sasa na tutazame kwetu. Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, vinavyosomeshwa katika mwambao huu tangu zama za wazee wetu, na khasa katika Minhaj ya Imam Nawawi, mna mas-ala ya mtu aliyempiga mwenziwe hata akaondokewa na akili. Mkono mmoja una nusu ya diya. Akili ina diya kamili, kama ya roho. Ikiwa sehemu tu imeondoka nayo yapimika, kama mtu aliyekuwa siku moja ana akili na siku ya pili hana, hulipwa kwa kadiri ya kilichoondoka. Na ikiwa mpigaji akanusha, mgonjwa huchunguzwa akiwa peke yake, asipojua kuwa anatazamwa. Maneno na vitendo vyake vikionekana havina mpango, hupewa haki yake bila ya kuapishwa, kwani asiye na akili haapishwi.

Yatupasa tuseme kweli kuwa mas-ala hiyo ni ya mtu aliyemdhulumu mwenziwe, na serikali haikumpiga askari wake. Kwa hivyo hatuchukui hukumu yenyewe. Twachukua kipimo cha thamani na namna ya kutazama. Wanavyuoni hawa waliijua akili kuwa ni mali kubwa kuliko mkono, ingawa kukatika kwake hakuonekani. Waliujua pia uwongo wa wanadamu, na hawakuufanya kuwa sababu ya kumfukuza kila mwenye kudai. Waliufanya kuwa sababu ya kuchunguza vizuri.

Basi deni la askari latoka wapi? Twasema latoka katika mkataba wake, usiofanana na mkataba wa kazi nyingine. Seremala akiona paa lataka kumwangukia hutoka mbio, na hapana amlaumuye. Askari ameitoa hiari hiyo. Moyo wamwambia kimbia, amri yamwambia kaa, na akikimbia huhukumiwa. Aliyemzuilia mwingine asikimbie khatari, kwa manufaa yake mwenyewe, amebeba dhamana ya yatakayompata kwa kukaa pale. Na maradhi haya ni nini ila ile hofu iliyokatazwa kutoka wakati wake, ikabaki ndani?

Huenda mtu akasema: "Wako waongo wanaojifanya wagonjwa ili wapate fedha." Jawabu yetu ni kuwa wako, kama walivyo wanaosingizia maumivu ya mgongo, na hatujasikia kuwa wagonjwa wa mgongo wote wafukuzwe. Mwenye kuhukumu hana budi ayapime makosa mawili anayoweza kuyafanya. Akimlipa mwongo, zimepotea fedha. Akimnyima mgonjwa, amepotea mtu, na mkewe, na watoto wanaomtegemea, na huenda roho ikatoka. Kosa la kwanza hurekebishwa. La pili mara nyingi halina dawa.

Mwingine atasema: "Alijiandikisha kwa hiari yake, na mshahara alipokea." Naam, lakini mshahara ni ujira wa siku alizotumika, si bei ya akili yake. Kuli wa bandarini akiangukiwa na shehena akavunjika mguu, hapana mwenye insafu amwambiaye kuwa mguu ulikwisha lipiwa katika ujira wa juzi.

Wa tatu atasema kama walivyosema wale madaktari wa 1939, kuwa malipo humzuia mgonjwa kupona. Hoja hii ni ya tabibu, na haifai kutumiwa na mwenye kudaiwa. Haki ya mtu haiondoki kwa kuwa amdaiye aona ni bora asiipate. Mgonjwa na atibiwe na alipwe, kwani mwenye njaa na wasiwasi wa kodi ya nyumba hapati utulivu wa kutibika.

Mambo haya yametokea ng'ambo, lakini nasi tumo. Ziko Mombasa, katika Jomo Kenyatta Avenue, sanamu za shaba za askari zilizowekwa kuwakumbuka waliotumika katika vita vya 1914 mpaka 1918. Wapagazi wengi mno walikufa katika vita hivyo, na ujira wa wengi katika waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Katika mwaka 2019 zilidhihirika karatasi za serikali ya Uingereza kuwa bakshishi waliyopewa askari wa vita vya pili ilipimwa kwa cheo na pia kwa rangi ya ngozi. Sanamu huheshimiwa na kila apitaye, naye aliyetumika hurudishwa kwao mikono mitupu.

Na leo? Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na askari wengi wa Kenya waliuawa. Kambi ya wanamaji iko Mtongwe, na kambi nyingine ya jeshi iko Mariakani. Wanajeshi na jamaa zao ni jirani zetu, na wengine ni watoto wetu. Katika mwaka 2022 nchi hii iliweka sheria ya wanajeshi wastaafu. Sheria ni jambo jema, lakini sheria haimwendei mtu nyumbani kwake kumtafuta.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi. Kijana wetu akirudi na hali hii, twasema amerogwa, au ana jini, au imani yake ni dhaifu, au ni bangi. Hatukanushi kuwako kwa majini. Twakanusha kuwa kila maradhi tusiyoyajua ni yao, na kuwa fedha za mgonjwa ni halali ya waganga. Kisha, kwa kuogopa aibu, twamficha katika chumba cha nyuma, na wageni wakija twasema amesafiri. Matokeo yake ni kuwa hapana daktari aliyemwona, hapana karatasi iliyoandikwa, hapana shahidi. Siku atakapokwenda kudai, ataulizwa: "Kama uliugua tangu siku hizo, mbona hapana aliyejua?" Hatakuwa na jawabu, na sisi ndio tuliomnyang'anya jawabu hiyo. Afisi inayomnyima imepata msaidizi ndani ya nyumba yake.

Basi yatupasa mambo haya. Apelekwe hospitali mapema, na aeleze kuwa alikuwa vitani. Kila karatasi ya jeshi na ya daktari iwekwe pamoja, isipotee. Mkewe, mamake na rafiki zake waandike, kwa tarehe, walivyomjua kabla na wanavyomwona sasa, kwani wao ndio wanaomwona katika faragha yake. Asiachwe kwenda afisini peke yake. Wako miongoni mwetu wanaojua kuandika barua na kusema na wakubwa, na elimu hiyo ina haki ya kutolewa. Na tuache kumwuliza aliua wangapi. Akitaka kusema, asikilizwe, akinyamaza, aachwe.

Haya ndiyo tuliyoyaona katika kadhia hii. Mwenye hoja bora na atuletee, tutaisoma katika darsa mbele ya wote. Lakini asituletee neno la kuwa mtu huyu haonekani kuwa mgonjwa. Kutoonekana kwa jeraha lake ndiko kunakotulazimisha kutazama vizuri zaidi.