Dhima ya Mwenye Wazimu ni ya Nani?

Mtu mzima apatwapo na maradhi mazito ya akili, swali huwa moja katika kila mji: dhima yake ni ya nani? Jamaa husema ni ya hospitali. Hospitali husema ni ya jamaa. Jirani husema hayamhusu. Na mgonjwa, baina ya hao watatu, huzunguka masokoni au hufungwa mnyororo uani.

Sharia imekwisha kulijibu swali hili. Imethubutu katika mafunzo ya Mtume, s.a.w., kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwenye wazimu mpaka apate akili. Wengi huyafahamu haya kuwa ni msamaha wake tu, wakaishia hapo. Lakini kalamu iliyoinuliwa kwake haikuinuliwa kwa wenye akili zao. Yeye haandikiwi akiacha sala. Wao huandikiwa wakimwacha na njaa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, walii wake ni baba, kisha babu, kisha wasii, kisha kadhi. Ili asikose kabisa mkono wa kumshika. Na katika Suratun-Nisaa, wasioweza kuangalia mali wameamriwa walishwe, wavikwe, na waambiwe maneno mema. Basi kauli njema nayo ni haki, kama chakula.

Waislamu wa zamani walilifahamu hilo. Sultani Qalawun alijenga hospitali Kairo mwaka 1284, na Amiri Arghun akajenga nyingine Halab mwaka 1354. Humo wenye wazimu walikuwa na mahali pao, na mapato ya wakfu yakilipa matabibu, chakula na dawa. Na katika Nigeria, tangu mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, katika nyumba za wanavijiji, kila mgonjwa na jamaa yake, wakitibiwa mchana na kurejea kijijini jioni. Tabibu, jamaa na jirani wakawa kazi moja.

Mtu akisema: huyu ana pepo, dawa haimfai, jawabu ni kwamba kumsomea Kurani hakuzuii dawa, na Mtume ameamrisha watu wajitibu. Tangu mwaka 1952 zimejulikana dawa zinazotuliza maradhi haya. Lakini zikikatika, maradhi mara nyingi hurudi. Na hukatika kwa kuwa tabibu haijui nyumba, jamaa hawaijui siku ya dawa, na imamu hana habari kwamba mtu wake ametoka hospitali. Kila mmoja ametenda sehemu yake, na mgonjwa ameanguka penye pengo.

Na akisema: mnyororo ni huruma, asije akadhuru watu, jawabu ni kwamba kumzuia saa ya hatari ni jambo moja, na kumfunga miaka ni jingine. Mnyororo hautibu, humpumzisha aliyefunga.

Basi jambo hili ni faradhi ya kifaya: wakilisimamia baadhi, wengine wamesalimika, likiachwa, mji mzima una dhambi. Na kulisimamia ni kushikana mikono: mmoja ajulikane kuwa ndiye mwangalizi wa siku ya dawa, wakfu wa msikiti utoe nauli, majirani wampokee zamu mama aliyekesha, mwenye duka ampe kazi anayoiweza.

Kisha, apatapo akili, kizuizi juu ya mali yake huondoka papo hapo, wala hahitaji hukumu ya kadhi. Huuza na kununua, na husimama safu ya mbele kama wenzake. Kalamu imemrudia, na heshima yake pamoja nayo. Mji utakaoendelea kumwita mwendawazimu umemnyima alichorudishiwa na Sharia. Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.