Vimito Sitini na Tatu

Dada yangu aliponiambia ana mimba ya miezi mitano, nilikwenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu nikamwomba mabaki ya vitenge. Alinipa mfuko mzima. Anaishi Njombe, huyo dada yangu, na mtoto angezaliwa Juni, wakati baridi ya huko inapoingia hadi kwenye mifupa. Nami ningekuwa mama mdogo kwa mara ya kwanza. Nikaamua kumshonea mfarishi.

Si mfarishi wa kawaida. Kila kiraka kina miraba miwili ya kitambaa: wa juu sentimita 15, wa chini sentimita 12. Ule wa juu unautia marinda pembeni mpaka ulingane na wa chini, unashona pande tatu, unajaza pamba kwenye upande uliobaki wazi, kisha unaufunga. Kinavimba kama andazi. Nilishona vimito 63, nikaviunganisha saba kwa tisa, nikatia kitambaa cha nyuma. Wiki sita, usiku usiku, baada ya kusoma.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Wiki hizohizo semina yetu ilikuwa na Aristotle, pale anapouliza kwa nini mtoaji humpenda aliyempa kuliko anavyopendwa naye. Jibu lake ni kwamba mtoaji ni kama fundi: fundi huipenda kazi yake kuliko ambavyo kazi hiyo ingempenda yeye kama ingepata uhai. Niliposoma nilitabasamu. Sikudhani ananisema mimi.

Aprili nikamtumia Dada picha. Akajibu kwa sauti: "Mdogo wangu, ni mzuri mno, nimelia. Ila kliniki wametuambia kitandani kwa mtoto pasiwekwe kitu laini. Huu hatalala nao."

Niliumia. Nikamwandikia kwamba sisi tulifunikwa mablanketi mazito na tukakua. Akajibu mstari mmoja: "Waliokua ndio wanaosema."

Sikuwa na la kujibu, nikaenda kusoma. Kumbe ushauri ni bayana: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mito wala matandiko laini, kwa sababu yanaweza kumziba pumzi. Kukiwa na baridi, avalishwe nguo za kutosha. Nikakuta pia kwamba ni mwaka 1992 tu ndipo madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi. Kabla ya hapo, wazazi wengi huko waliwalaza hivyo kwa sababu wataalamu waliwaambia ndiyo salama. Hawakukosa upendo wale. Upendo wao haukuweza kufanya kazi ambayo ujuzi ulipaswa kuifanya.

Basi swali likanirudia mimi. Nilipokasirika, nilikuwa namtetea nani? Mtoto alikuwa hajazaliwa. Sikuwa nimemuuliza mama yake hata mara moja anahitaji nini. Nilichokuwa nakitetea ni wiki zangu sita, na picha niliyokuwa nayo kichwani ya mtoto amelala, amefunikwa na kazi ya mikono yangu. Katika picha ile mtoto alikuwepo ili mfarishi upate mtu wa kumfunika.

Hata hivyo sisemi zawadi ya mkono ni majivuno tu. Huwezi kukaa wiki sita ukimshonea mtu bila kumfikiria. Ninachosema ni kwamba kumfikiria mtu si sawa na kumsikiliza, na aliye mdogo kiasi cha kutoweza kusema ana mtu wa kumsemea. Kwetu alikuwa Dada, nami nilimwona kama kizuizi.

Agosti nilikwenda Njombe. Mfarishi ulikuwa sakafuni sebuleni, juu ya mkeka, umeshachafuka kwa maziwa. Mtoto, miezi miwili, alikuwa amelazwa juu yake kifudifudi, macho, akijaribu kuinua kichwa, na Dada ameketi kando bila kumwondolea jicho. Akachoka, akaanza kulia, akabebwa kwenda kulazwa kwenye kitanda chake kitupu.

Nikabaki naukung'uta. Kimito kimoja cha buluu kilikuwa kimefumuka, na Dada, akiogopa mtoto asije akala pamba, alikuwa amekishona upya kwa uzi mwekundu. Nilitaka kumwambia rangi haziendani. Nikanyamaza.