Nani Atashuka Naye?

Andiko: Mwanzo 33:12-14; Yakobo 2:15-16



Wiki hii nataka tuulizane swali moja. Mwenzako akilemewa njiani, maombi yako yanatosha, ama unadaiwa pia miguu yako?

Mwaka jana mwezi wa pili tulipanda Mlima Kenya, watu kumi na mmoja kutoka ushirika wetu. Tulipitia lango la Sirimon, upande wa Nanyuki. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tukatembea kutwa hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, mahali pimbi wanakuja mpaka mlangoni kutafuta makombo. Mpango ulikuwa tuamke saa nane usiku, tufike Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza.

Waelekezi walituambia tangu langoni: pole pole. Huko juu hewa ni nyembamba na mwili unahitaji muda kuizoea. Lakini sisi wanaume tulitembea kama watu wanaofukuzwa. Dada mmoja alibaki nyuma siku nzima, na kwa sababu hakutaka kutuchelewesha, akaficha kwamba kichwa kinamuuma. Kufika Shipton's akatapika kila kitu. Alipoinuka alikuwa anayumbayumba.

Tukafanya nini? Tukaomba. Tulimzunguka, tukamwekea mikono, tukakemea. Mimi ndiye niliyeongoza, na kwa sauti kubwa. Tulipomaliza, mwelekezi mkuu akasema kwa upole, "Amina. Sasa huyu lazima ashuke leo. Ugonjwa wa mlima dawa yake ni kushuka. Mwenzangu atampeleka, lakini ni vizuri awe na mtu wake. Nani atashuka naye?"

Kimya.

Wapendwa, ni kwa ajili ya kile kimya ninaandika. Kila mmoja wetu alikuwa amelipa, amefanya mazoezi, na ameahidi watu picha. Mimi nikafungua kinywa nikasema, "Tuombe tena."

Leo nakiri. Ombi la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa langu. Nilitaka Mungu amponye ili mimi nisishuke.

Kabla hatujafumba macho, mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, muuza mboga aliyeweka akiba ya safari hiyo kidogo kidogo, alikuwa ameshaanza kufunga begi lake. "Mlima hauhami," akasema. Walishuka kwa tochi usiku kucha. Alfajiri, karibu na Old Moses, yule dada kichwa kilikuwa kimetulia, anauliza kama kuna chai.

Mimi nilifika Lenana. Picha ninayo. Sijawahi kumwonyesha yule mama.

Sasa mtu ataniuliza, "Ndugu, kwani ilikuwa lazima wote mshuke? Mmoja akiugua, kumi wapoteze?" Swali zuri. Tumwangalie Yakobo. Esau alimwambia waondoke pamoja. Yakobo akajibu kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, wakiharakishwa hata siku moja tu kundi lote litakufa, kwa hivyo yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Lakini ona: hakumkataza Esau kutangulia. Mwenye nguvu ana ruhusa ya kwenda mbele. Kosa langu si kwamba nilifika juu. Kosa ni kwamba tulitembea kwa mwendo ambao ulimfanya dada aogope kusema anaumwa, kisha swali la gharama lilipokuja, nikajificha nyuma ya maombi.

Naye mtume Yakobo, katika waraka wake, anamtaja mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, apate joto na ashibe, lakini hampi kitu. Maneno ni matamu, lakini mwenye njaa bado ana njaa.

Si ati maombi hayana kazi. Hapana! Tuliomba na Mungu akajibu. Jibu lake lilikuwa njia ya kushuka na mtu wa kuandamana naye. Mama alilisikia. Mimi nilikuwa napiga kelele, sikulisikia.

Hapa nyumbani pia tuna milima yetu. Yuko aliyepoteza kazi na sasa anakaa kiti cha nyuma, anatoka kabla ya baraka. Yuko anayeuguza mzazi na hajalala wiki mbili. Sisi tunaandika kwenye simu, "Tunakuombea," tunaendelea na safari yetu. Wiki hii, kabla hujamwambia mtu neno hilo, jiulize: nikiambiwa mimi ndiye jibu la ombi hili, bado nitaliomba?

Kama ndiyo, omba. Kisha funga begi.

Mungu akubariki.