Mtazame Miguu Kwanza

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, ipo sheria ambayo sisi wahubiri huipita mbio. Wadudu wenye mabawa wanakatazwa kuliwa, isipokuwa wale wenye miguu ya kurukia, na hapo zinatajwa aina nne za jamii ya nzige. Mfikirieni mama wa Kiisraeli jangwani, mwanawe kamletea mdudu kiganjani. Hawezi kuitii sheria hiyo kwa mbali. Lazima ainame, amgeuze mdudu, amtazame miguu. Wahaya wa Kagera hawahitaji mhubiri kwa hili: msimu wa senene ukiingia, hata mtoto anajua yupi senene na yupi panzi tu.

Wengi wetu tumebaki na jina moja, dudu, na hukumu moja, kandambili.

Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo mrukaji ambaye wanasayansi walimpa jina Evarcha culicivora mwaka 2003. Hategi utando, huvizia ukutani na kurukia windo lake. Chakula akipendacho ni mbu jike aliyekwisha kushiba damu, hasa Anofelesi, yule aenezaye malaria. Buibui huyu hana uwezo wa kutunyonya sisi, basi damu huifuata tumboni mwa mbu. Humtambua kwa harufu na kwa macho, tena hutazama hata mkao, kwa kuwa Anofelesi akitua huinamisha kichwa na kubinua nyuma. Sisemi atatumalizia malaria. Chandarua kibaki palepale. Lakini anamjua adui yetu vizuri kuliko mwenye nyumba anayemfagia.

Wapo pia wa kujihadhari nao. Yule mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, anayeitwa Nairobi fly, haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, na humwagika akipondwa juu ya ngozi. Anayemjua humpuliza aende zake. Asiyemjua humpiga kofi, na baada ya siku moja au mbili shingo imejaa malengelenge.

Kwa hiyo siamini kwamba sheria ile ilihusu chakula peke yake. Mungu aliyewatenga wadudu kwa miguu yao aliwataka watu wake watumie macho, na Zaburi ya 104 inamsifu kwa wingi wa kazi zake, vidogo kwa vikubwa.

Wapendwa, kiangazi hiki taa ya baraza ikiwashwa, kaeni na watoto karibu na ukuta. Miguu sita, huyo ni mdudu. Minane, huenda ni buibui. Waulizeni bibi na babu majina ya kikwenu, maana wanayo mengi na hatuyaandiki. Na anayeshika ufagio Jumamosi, tafadhali, yule mrukaji wa ukutani amwache.