Mbegu Hii ni ya Nani?



Mpunga hupenda maji, lakini ukifunikwa kabisa na mafuriko kwa juma moja au zaidi, aghalabu hufa. Sababu yake ni ya ajabu. Mmea uliozama hujitahidi kurefuka haraka ili majani yake yafikie hewa. Katika jitihada hiyo huitumia akiba yake yote ya chakula, na maji yakikawia kupungua, hukosa nguvu ya kuendelea kuishi.

Huko Odisha, mashariki ya India, wakulima walikuwa na mpunga wa kienyeji uliofanya kinyume. Ukizama, hutulia. Hauongezi kimo, huitunza akiba yake, na maji yakiondoka huanza tena kukua. Waweza kustahimili hata majuma mawili chini ya maji. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, pamoja na wenzao wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, walitangaza kwamba wameigundua jeni, yaani chembe ya urithi, inayouzuia mmea usirefuke. Wakaiita Sub1A. Kisha urithi huo ulihamishwa, kwa kuzalisha mpunga na mpunga, mpaka ukaingia katika Swarna, aina inayopendwa sana na wakulima wa India. Mwaka 2009 mbegu mpya ikaruhusiwa kupandwa huko.

Wako Wakristo wanaouliza kama ni halali mwanadamu kuingia ndani ya mbegu kiasi hicho. Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini mkulima anayetenga masuke mazuri kwa ajili ya kupanda mwakani naye anachagua urithi wa mmea, ingawa jeni haioni. Kwa mbegu hii wataalamu walifanya kazi ile ile, ila kwa macho makali zaidi. Swali zito kwangu ni jingine: je, aliyeisoma mbegu amekuwa mwenyewe?

Tusiwe wepesi kujibu. Kuitafuta Sub1A kulichukua miaka mingi, na aliyefanya kazi anastahili kulipwa. Hata hivyo, kulipwa kwa kazi ni jambo moja, na kukimiliki kitu ni jambo jingine. Fundi aliyejenga nyumba hupewa ujira wake, wala hawi mrithi wa kiwanja. Jeni ile haikuumbwa na wataalamu. Waliikuta, na waliikuta kwa sababu wakulima wasioandikwa katika kitabu chochote waliitunza mbegu yake, baba kwa mwana. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Hapa hata jina la mkulima hatulijui.

Basi deni la namna hii hulipwaje? Uko mfano mwingine wa kutufundisha, unaohusu mpunga-mwitu wa Mali. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walitangaza kwamba wameipata jeni iliyotoka katika mpunga huo, iitwayo Xa21, inayoukinga mmea na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani. Chuo kikajipatia haki ya kisheria juu ya uvumbuzi huo. Pamela Ronald, mmoja wa watafiti, akasaidia kuanzisha mfuko ili makampuni yakipata faida, sehemu yake isomeshe vijana wa nchi kama Mali. Nia ilikuwa njema. Lakini makampuni yaliyovutiwa hayakuendelea na kazi, na malipo yaliyotarajiwa hayakuja. Deni lilikuwa limefungwa kwenye faida, na faida ilipokosekana, mdai akabaki mikono mitupu.

Deni la Sub1A lilishika njia nyingine, kwa kuwa mbegu yenyewe ilirudi shambani. Katika Odisha, mashamba yanayozama mara nyingi ni ya watu wa tabaka la chini, ambao hawakuachiwa ardhi bora. Tena sheria ya India ya mwaka 2001 inamruhusu mkulima kuweka mbegu ya mavuno yake, kuipanda tena na kumgawia jirani. Waliotunza mbegu ya kwanza wamekwisha kufa, wala hatuwezi kuwalipa. Lakini wako walio hai wanaotishwa na maji yale yale, na hao ndio wadai wetu.

Torati ilimkataza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate masazo. Haikumnyima mavuno yake, ilimwekea mpaka. Nadhani elimu nayo ni shamba, na ina pembe zake.

Nasi pia tunahusika. Msimu wa kupanda ukikaribia, na jirani akija kuomba kibaba cha mbegu, tukumbuke kwamba hata hiyo iliyomo ghalani mwetu ilitoka mkononi mwa mtu.