Injini Iliyochakaa na Sanduku la Yehoyada



Twasoma katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 12, ya kuwa nyumba ya Mungu ilikuwa na mabomoko, na hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake Yoashi makuhani walikuwa hawajayatengeneza, ijapokuwa fedha ililetwa. Ndipo Yehoyada kuhani alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Habari hii imetujia moyoni kwa ajili ya shauri linalowagawanya wazee wa sharika si chache: gari la usharika limechoka injini. Je, ifumuliwe na kufanywa upya, au iondolewe na kununuliwa nyingine?

Wako watakaosema kwamba hili si la mimbarani, ni la gereji. Hatukubali. Gari lile lilinunuliwa kwa mahindi na kuku na senti za wajane, nalo ndilo linalomfikisha mama mwenye uchungu hospitali usiku wa mvua.

Na tutwae mfano wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, maana yajulikana sana katika barabara zetu. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990; ina silinda 6, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, nayo hutumia dizeli. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa husongwa ndani ya silinda hata ikapata moto wa kuyawasha mafuta. (Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha injini yake mwaka 1897 katika Augsburg, mji ule ule ambako baba zetu waliiungama imani mwaka 1530. Twalitaja hili kwa furaha tu.) Basi ringi za pistoni na kuta za silinda zikilika, hewa huvuja. Gari hukataa kuwaka asubuhi, hutoa moshi wa bluu, hunywa oili, na ukifungua kifuniko cha kutilia oili, pumzi hutoka kwa nguvu.

Lakini dalili si hukumu. Kukataa kuwaka kwaweza kuletwa na plagi za kupashia moto zilizokufa, au nozeli. Maji yakipungua, pengine ni gasketi ya silinda hedi tu. Twawajua wazee walioikatia injini shauri kwa kusikia mlio wake. Kwanza upimwe mgandamizo wa kila silinda, ulinganishwe na kitabu cha watengenezaji, tena silinda kwa silinda. Kisha, ikibidi, ifunguliwe. Bloku isipokuwa na ufa, silinda zaweza kuchongwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa kidogo, mara nyingi kwa nusu milimita. Krankishafti nayo husagwa robo milimita, ikapewa beringi nene zaidi. Hapo kufumua kuna maana. Bali bloku ikiwa imepasuka, au krankishafti imekwisha kusagwa hata kikomo chake, msiibembeleze maiti. Na kutia ringi mpya katika silinda zilizolika, ili kupunguza gharama, ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Injini ya mtumba ina sifa yake: gari halikai sana gereji, na hiyo si sifa ndogo mahali penye gari moja. Lakini hatujui ilitunzwaje, nao muuzaji atasema lililo jema. Ikinunuliwa, na iwe imesikika ikinguruma na kupimwa vile vile. Tena namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Ikibadilishwa, wenye mamlaka wapewe habari, na hati ya kununulia itunzwe, tusije tukaendesha mali ya wizi kwa jina la kanisa.

Wanaoitetea injini ya zamani na wamtazame yule mtunza shamba katika Luka, mlango wa 13. Hakuuombea mtini miaka isiyo na hesabu. Aliomba mwaka mmoja, akataja kazi atakayoifanya: kupalilia na kutia samadi. Nanyi tajeni kazi, bei ya vipuri, ujira wa fundi na wa mchongaji, na siku gari litakazosimama. Tena semeni mapema ni neno gani likionekana ndani mtakaloacha nalo.

Jambo lisahauliwalo kuliko yote ni kuuliza injini ilikufa kwa nini. Ikiwa bomba la hewa limechanika na vumbi laingia, au rejeta imeziba, au oili haikubadilishwa kwa wakati, basi iliyo mpya itafuata njia ya mwenzake.

Sasa turudi kwenye sanduku. Wako wanaopenda kutukumbusha kwamba mafundi wa Yoashi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli, lakini fedha ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, ikafungwa mifukoni, wala haikutengenezewa vyombo vya fedha. Kwenu pia wawili wahesabu, na fedha ya injini isinunue matairi. Fundi na arudishe pistoni, ringi na beringi za zamani katika sanduku, wazee wazione kwa macho. Na kwa kilometa 1,000 za kwanza gari lisibebe mizigo mizito. Kisha oili imwagwe, chujio libadilishwe, na tarehe iandikwe katika daftari la usharika.