Sheria Moja Milango Yote: Je, Ndiyo Uadilifu?



Muhula uliopita simu yangu ilikubaliwa kwenye mtandao wa maktaba, ikakataliwa bwenini. Fundi alinieleza kwamba chuo kina mitambo mitatu ya kudhibiti nani aingie mtandaoni, na kila mmoja una masharti yake. Niliiona dhulma. Mimi na wenzangu tukaandika barua kuomba masharti yawe mamoja, tukakubaliwa.

Kazi yenyewe hufanyika hivi: mtambo mmoja hufanywa mkuu, masharti yake hunakiliwa kwenye mingine, na yaliyokuwako huko hufutwa.

Wiki haikupita, akanijia dada wa mwaka wa pili. Mtambo mkuu ulikuwa umeiandika kompyuta yake, kimakosa, kuwa ina virusi. Zamani alizuiwa madarasani tu, akifanya kazi zake maktaba.

"Kaka, sasa hata maktaba sina," aliniambia. Alitakiwa kuwasilisha kazi jioni ile.

Je, nilichoomba kilikuwa uadilifu?

Tunajua Mtume (s.a.w.) alivyokataa maombezi ya Usama bin Zayd kwa mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Sheria haikubadilika kwa sababu ya ukoo. Kwa hiyo kuwa na sheria moja kwa wote ni jambo jema. Lakini adhabu ile ilimfikia mtu ambaye kosa lake limethibiti. Usawa ulitanguliwa na uhakika.

Mfano wa pili ni wa Sayyidna Uthman (r.a.). Silinganishi Qur'ani na masharti ya kompyuta. Natafuta adabu ya kazi. Hudhayfa alipomwonya kuhusu watu kuhitilafiana katika kisomo, hakukimbilia kusambaza. Aliazima kurasa zilizokuwa kwa Bi Hafsa (r.a.), akawapa kazi ya kunakili Zayd bin Thabit na Makuraishi watatu. Ndipo nakala zikapelekwa mikoani na nyingine zikachomwa. Ukitaka kufuta vya wengine, asili yako lazima iwe imehakikiwa.

Mwenzangu mmoja alisema afadhali tofauti zibaki, ili aliyedhulumiwa apate mlango mwingine. Sikubaliani naye. Mlango wa bahati si haki. Asiyekuwa na bahati je?

Ninachoamini sasa ni kwamba usawa hauzai uadilifu. Unasambaza kile kilichopo. Asili ikiwa na haki, haki hufika kila mlango. Ikiwa na kosa, kosa nalo hufika. Basi anayeomba sheria moja ana wajibu wa kuomba pia ihakikiwe kwanza, na iwepo njia ya wazi ya kulalamika. Barua yetu haikutaja hata kimoja.

Tulikwenda kwa fundi pamoja. Alirekebisha mstari mmoja kwenye mtambo mkuu, na milango yote ikafunguka. Lakini kazi ya dada yule ilichelewa, akakatwa alama. Nimemwomba radhi.

Wallahu aalam.